Kiapo cha Mjomba

Flora alikuwa na baba wawili kwenye karatasi, na hospitali ya Muscat iliyompa kazi ilimtaka mmoja. Cheti cha kuzaliwa kilisema Flora Alfredi Mtepa. Vyeti vya shule na cha uuguzi vilisema Flora Gasper Nandonde. Karatasi zote zilitakiwa ziwe na muhuri wa wizara ifikapo Ijumaa mchana. Hiyo ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi, Masasi.

"Hawa ni watu wawili," alisema mama wa dirishani katika ofisi ya wilaya na kuisukuma bahasha nje. "Siwezi kuthibitisha nakala za watu wawili. Nendeni kwa wakili mkaape."

"Mama, mtu ni huyu mmoja," alisema Gasper, akimshika Flora bega. "Mwangalie."

"Mimi naangalia karatasi, baba. Anayefuata!"

Kosa lilikuwa la Gasper mwenyewe. Alikuwa mkulima wa korosho wa Mkunya, shule aliachia darasa la tano, na Flora alikuwa mtoto wa dada yake Anjelina. Ndoa ya Anjelina ilipovunjika, mumewe Alfredi alirudi kwao Chiwata, mtoto akabaki kwa wajomba zake, kama wanavyobaki watoto wote wa Kimakonde. Gasper ndiye aliyempeleka unyagoni, ndiye aliyemlipia dawa, ndiye aliyemshika mkono siku ya kuandikishwa shule. Mwalimu aliuliza, "Mtoto wa nani?" Gasper akajibu, "Wangu." Pale Mkunya hakuna mjomba ambaye angejibu tofauti. Mwalimu akaandika Flora Gasper, na jina likapanda naye darasa kwa darasa hadi chuo cha uuguzi. Anjelina angeweza kulisahihisha, lakini hakuona cha kusahihisha. Sasa alikuwa na miaka tisa kaburini.

Ofisi ya wakili ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Wakili mwenyewe, Mama Regina, alikuwa mahakamani. Karani wake, Kelvin, aliwapokea vizuri.

"Shikamoo mzee. Karibu dada. Kiapo cha majina? Hiyo ni dakika tano tu. Fomu ninayo kwenye kompyuta, elfu thelathini, Mama akirudi anagonga muhuri."

"Marahaba. Basi la Dar ni saa nane na nusu," alisema Gasper. "Tiketi ya huyu tumeshakata."

"Saa nane mtakuwa mnakunywa soda stendi."

Kelvin akauliza majina, akaandika, akachapa. Flora aliisoma karatasi, akampa mjomba wake. Gasper alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza. Alipofika katikati kidole kikasimama.

"Hapa pamesema mimi ni baba mzazi wa Flora."

"Ndiyo."

"Na kwamba mimi ndiye ninayeitwa pia Alfredi."

"Ndiyo mzee. Tunaunganisha. Gasper na Alfredi wanakuwa mtu mmoja, tatizo limekwisha."

"Wewe kijana kwenu wapi?"

"Iringa."

"Huko Iringa mnazaa na dada zenu?"

Kelvin akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

"Mama yake huyu ni dada yangu," alisema Gasper. "Tumenyonya ziwa moja. Unataka nishike Biblia niape kwamba nimezaa naye? Halafu nisaini?"

"Mzee, ni karatasi tu. Itasomwa na nani? Mwarabu wa Muscat anamjua dada yako?"

"Mimi namjua."

Flora alimvuta pembeni, mlangoni, harufu ya oili ya pikipiki ikiwapata puani. Alikuwa amemaliza chuo miaka mitatu nyuma. Ajira aliomba mara nne, na muda wote huo alikuwa akijitolea zahanati bila mshahara, akidunga sindano watoto wa watu wanaolipwa.

"Mjomba, nakuomba. Kila mtu anaijua hiyo fomu. Wote wanasaini. Hakuna atakayekucheka Mkunya, maana hakuna atakayeiona."

"Mama yako angekuwa hai ungemwomba asaini?"

"Hii nafasi ikipita hairudi. Mjomba, ni karatasi tu."

"Karatasi tu ndiyo iliyotufikisha hapa, Flora."

Akarudi ndani. "Andika kilichotokea," alimwambia Kelvin.

"Kilichotokea hakina fomu."

"Basi anza karatasi tupu."

"Cha kuandika upya ni elfu sitini, mzee. Hicho kinatumia akili. Na baba aliyemzaa lazima aape mwenyewe kwamba ndiye. Yuko wapi huyo Alfredi? Hai?"

"Chiwata. Hai kabisa."

Gasper alimpigia simu. Alfredi alikuwa shambani. Akasema hana nauli, Gasper akasema bodaboda italipwa hapa. Akasema hajavaa vizuri, Gasper akasema, "Shemeji, hapa hatujaja kuoa." Ilipofika saa saba Alfredi alikuwa hajafika. Saa nane kasoro aliingia, vumbi hadi kwenye kope, viatu vya shamba mguuni, kadi ya mpiga kura mkononi kama mtu aliyeitwa polisi. Flora alimwamkia. Aliitikia akimtazama sana. Walikuwa hawajaonana tangu mazishi ya Anjelina.

"Haya," alisema Kelvin. "Mzee Alfredi, wewe ndiye uliyemzaa?"

"Mimi."

"Kwa nini shuleni haitwi jina lako?"

Alfredi alimtazama Gasper, Gasper akatazama ukuta. Angeweza kumsaidia, lakini swali halikuwa lake.

"Andika sikumsomesha," alisema Alfredi hatimaye. "Andika hata daftari sikununua. Alisomeshwa na mjomba wake, wakamwita kwa jina la aliyeonekana."

Kelvin akaacha kuchapa. "Hayo yote niandike?"

"Si umesema kinatumia akili?" alisema Gasper. "Andika."

Mama Regina alirudi saa nane na dakika ishirini, joho likiwa begani. Akawasalimu, akasoma akiwa amesimama. Karatasi ilisema kwamba Gasper ni kaka wa marehemu Anjelina, kwamba kwa desturi yao mtoto hulelewa na mjomba, kwamba alipoulizwa alisema mtoto ni wake na hakuwa anadanganya, na kwamba aliyemzaa ni Alfredi, ambaye anakubali yote hapo juu.

"Wamakonde nyie," alisema. Yeye alikuwa Mmakua, mtani wao. "Mmekuja kuapa, mmeniandikia historia ya ukoo."

"Wamakua mnasoma mkiwa mmesimama, ndiyo maana mnachoka haraka," alijibu Gasper. "Kuna uongo hapo?"

"Hakuna. Hata kwetu mjomba ni hivyo hivyo." Akaketi. "Lakini nikwambie kweli, Baba. Ile fomu ya kawaida inapita bila kusomwa. Hii itasomwa. Na afisa akishaisoma anaweza kuuliza, anaweza kukataa. Huko wanagonga walichokizoea."

"Basi wazoee na hiki."

Akamgeukia Flora. "Na wewe, mwenye safari? Ukikwama ni wewe."

Nje honi ya basi ililia stendi, ndefu, ikawa inasogea mbali. Flora aliisikiliza hadi ikaisha. Alimtazama Alfredi, ambaye alikuwa anafuta viatu vyake kwa kipande cha gazeti.

"Gonga, Mama," alisema. "Nitaondoka na la kesho alfajiri."

Wanaume wawili wakaishika Biblia pamoja, mkono juu ya mkono, kwa sababu ilikuwa moja na Mama Regina alikuwa na haraka. Mama wa dirishani naye akathibitisha nakala za Flora dakika kumi kabla ya kufunga, akilalamika kwamba kiapo ni kirefu.

Ijumaa saa sita Flora alipiga simu kutoka Dar. Afisa wa wizarani alisoma kiapo mara mbili, akamwita mwenzake naye akasoma, wakamuuliza kama mjomba yuko hai. Aliposema yuko hai, wakagonga.

Gasper alikaa akahesabu. Nauli ya watu wawili Mkunya hadi Masasi, elfu kumi na nne. Yake ya kurudi, elfu saba. Kiapo, elfu sitini. Bodaboda ya Alfredi kwenda na kurudi, elfu ishirini. Wali maharage sahani tatu, elfu sita. Tiketi iliyopotea, elfu arobaini na tano, na ya pili kiasi hicho hicho. Jumla laki moja na elfu tisini na saba, zote zikitoka kwenye fedha ya salfa ya kuzuia ubwiri, ukungu unaokausha maua ya mikorosho, na ya mwenye mashine ya kupulizia.

Mikorosho yake ni sitini na miwili. Mwaka huo ilipuliziwa kumi na minane. Arobaini na minne ikashikwa na ubwiri.