Lango Sifungui

Mbweha yule nilikuwa namchukia, tena namchukia kwa haki. Baridi iliyopita alinilia jogoo wangu mwekundu, akarudi akanilia kuku mwenye vifaranga, na manyoya akanimwagia mlangoni mwa banda. Niliapa nikimkamata nitamchuna ngozi niifanye zulia la kupangusia miguu. Kwa hiyo asinambie mtu kwamba siku ile nilimwonea huruma. Huruma sina mie, muulizeni mume wangu.

Mume wangu ni Muhiddin. Sote Wapemba. Tunakaa gorofani Stratford, na kila Jumamosi tunapanda treni, kisha basi, tunakwenda kwenye kishamba tulichokodi kule London inakokwisha na malisho yanakoanza. Wiki nzima mie nahudumia wazee majumbani mwao: nawaogesha, nawalisha, nawabembeleza wanywe dawa. Kile kishamba ndicho kilichokuwa pumzi yangu. Nina mchicha wangu pale, nina kuku wangu, na hapana mtu wa kuniita kwa kengele. Wallahi, kukikosa kile ni bora ningekosa samani zote za nyumba. Mwenye ardhi ni Bwana Penrose, na kila Machi ndiye anayesema tubaki au tuondoke.

Basi asubuhi ile ukungu bado umelala chini, nikasikia baragumu, na nyuma ya baragumu, mbwa. Si mbwa wa jirani anayembwekea mleta barua, la! Kundi zima linalia kwa pamoja, mpaka kuku wangu wakanyamaza.

"Wale wawindaji," akasema Muhiddin, anamimina chai.

"Si walikatazwa hao?"

"Walikatazwa kuwinda mbweha. Siku hizi wanasema mtu anatangulia kuburuta kitambaa chenye harufu, mbwa wanafuata harufu, wao wanafuata mbwa. Mchezo tu."

"Watu wazima na akili zao?"

Hajanijibu, mbweha huyo akatokea. Alipita kwenye tundu chini ya uzio, ulimi nje, tope mpaka tumboni, mguu wa nyuma anauburuta. Akaniona. Mie nina jembe mkononi, na nyuma yake mbwa. Akanichagua mie! Akajipenyeza chini ya banda la kuku, palepale anapokuja kuniibia, akatulia tuli.

"Alaa! Huna haya wewe?" nikamwambia.

Lakini mikono yangu ilikwishalisukuma toroli kuziba tundu alilopitia. Wala sikuwaza.

Mbwa wakafika, uzio wote ukajaa pua. Mmoja akapitisha ulimi akanilamba mkono, astaghfirullah! Hapo tena ni kuosha mara saba, na moja kwa udongo. Haya, maji ninayo na udongo ninao. Nyuma ya mbwa wakaja farasi, wanatoka mvuke, na watu wenye makoti mekundu. Mbele yao Bwana Penrose mwenyewe, uso umemwiva.

"Jokha, fungua lango," akasema. Jokha kavukavu, na mie namzidi umri.

"Kuna nini?"

"Mbwa wamepotea njia. Tuwatoe."

"Mbwa wako nje, Bwana Penrose. Watoe hukohuko nje."

Mwanamke mmoja aliyekuwa juu ya farasi akacheka, akajifanya anakohoa. Penrose akakunja uso. "Kuna mbweha humo ndani."

"Kwani nyinyi hamfuati kitambaa?"

Farasi tu wanapiga kwato.

"Mbwa wamemwona kwa bahati mbaya," akasema.

"Basi pole kwa bahati mbaya. Kitambaa chenu hakimo humu. Kakitafuteni."

Akashuka kwenye farasi, akaja mpaka langoni, akapunguza sauti kama anayenihurumia. "Si ndiye anayekula kuku wako? Nakusaidia, Jokha."

"Kuku wangu, mwizi wangu, ugomvi wangu. Nani kakuita?"

Hapo akauvua urafiki. "Machi haiko mbali," akasema. "Fikiria vizuri."

Nilifikiria, nisiseme uongo. Niliutazama mchicha wangu, nikaiona Jumamosi bila pahala pa kwenda, na hofu ikaniingia. Halafu juu ya hofu ikaja hasira, maana yule bwana alijua hasa anaponishika.

Ufunguo alikuwa nao Muhiddin. Akanivuta mkono. "Mwenye nguvu mpishe, Jokha. Tukose shamba kwa ajili ya mwizi?"

"Muhiddin, siku ile tulipokuwa tunakimbizwa Pemba, yule bibi aliyetuingiza chumbani kwake alituuliza tumefanya nini?"

Akatazama chini. "Hakuuliza."

"Na waliotufuata walipogonga?"

Muhiddin alikwenda langoni, ufunguo mkononi, na mie nikajua anafungua. Huyu ni mtu ambaye akikanyagwa kwenye treni, yeye ndiye anayesema samahani. Akasimama uso kwa uso na Penrose.

"Hakufungua," akanijibu mie, kwa Kiswahili, Penrose asielewe kitu. Kisha kwa Kiingereza chake cha polepole: "Ardhi ni yako, bwana. Machi ichukue. Lakini aliyekimbilia kwetu hatumtoi."

Akarudi, akautumbukiza ufunguo ndani ya chupa ya chai, akafunga kifuniko.

"Basi Machi mtoke," akasema Penrose. Akapanda farasi, baragumu likalia, mijeledi ikawatenga mbwa na uzio, na wote wakashuka bondeni walikotoka.

Nikakaa chini kwenye tope nikalia. Sikujificha. Nilikililia kishamba changu, nikamlaani Penrose, nikamlaani na mbweha. Mbweha naye akatoka, anachechemea. Nikaliondoa toroli, akapita mbele ya kuku wangu bila kuwatazama, akaingia tunduni.

"Na usirudi, mwizi wee!" Muhiddin akampigia kelele. Sijapata kumsikia akipiga kelele vile tangu anioe.

Akaja akakaa nami kwenye tope. Tukawatazama kuku, wamekwisha kusahau, wanachakura.

"Sasa hawa tutawapeleka wapi?" akauliza.

"Nyumbani."

"Gorofani kule? Watafikaje juu?"

"Watapanda lifti," nikamwambia, napangusa pua. "Na mwenye neno aje anambie mie."