Maziwa Haiko ya Muntu Moja

"Kila siku, Papa Honoré. Kila siku! Sikuruka hata moja," alisema Murekatete. Mikono yake ilikuwa bado inanuka maziwa ya fromage, yaani jibini, aliyoyaacha yakiganda kule nyumbani Muheto.

Kwenye kitanda cha hospitali, Muuguzi Honoré alikuwa ameinama juu ya Elodie, binti wa Murekatete wa miaka tisa, akimwambia amkamate vidole. Mkono wa kushoto ulikamata. Wa kulia ulilala tu juu ya shuka, na mdomo ulikuwa umeshuka upande huohuo tangu asubuhi.

"Mutoto SS, wa selimundu, damu yake inapinda sawa muhoro wa kukata majani," alisema Honoré. "Inakuwa ngumu, inakwama. Leo imekwama mu kichwa. Ile dawa njo ya kuilainisha, ipite. Si nilikuelezea?"

Alimweleza kweli, na Murekatete alielewa upesi kuliko wengi. Mtengeneza fromage afundishwe nini juu ya kitu cha majimaji kugeuka kigumu? Elodie alishindwa kumeza gélule nzima, basi kila asubuhi mama aliifungua, akamwaga unga wake katika kikombe cha maziwa, akampa, kisha huyoo, mbio kwenye masufuria yake.

"Anakunywaka yote?"

"Yote! Kikombe kinarudiaka kitupu."

Pale chini kwenye mkeka, Uwitonze, mdogo wake Elodie wa miaka minne, akainua kichwa. "Tunamalizaka yote," alisema kwa fahari. "Nusu ya Elodie, nusu yangu."

Honoré aliweka kalamu chini. "Basi nusu ya dawa ilienda kwa huyu. Naye tutamupima damu," alisema polepole.

"Elodie?" mama aliita.

Maneno yalimtoka mtoto yakiburuta. "Mama, wewe njo ulisemaka. Maziwa haiko ya muntu moja."

Lo! Alisema. Alisema mara ngapi! Aliambiwa na mama yake, naye akawaambia wanawe, maana mtoto anayekunywa maziwa peke yake watu husema hakulelewa. Murekatete alijifunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti, bila kumwonea mtu haya.

Wiki tatu baadaye, nyumbani, mkono wa kulia wa Elodie ulikuwa bado haujapata nguvu. Murekatete alikuwa ametafuta kikombe cha pili, akampa Uwitonze maziwa yasiyo na dawa, akamtoa nje. Kisha akamkabidhi Elodie kikombe chake.

"Kunywa yote. Usimupe muntu."

"Hata Uwitonze?"

"Hata Uwitonze. Hata mimi." Hakuwahi kusema maneno mabaya kama hayo kwa mtoto wake.

Elodie alikishika kwa mkono wa kushoto, akageukia ukuta kama mwizi, akanywa. Kikombe kiliporudi, Murekatete alichungulia ndani. Funda moja lilikuwa limebaki.

Huko mlangoni Uwitonze alikuwa amesimama, kikombe chake kimefika nusu, amekinyoosha kwa mikono miwili, akimngoja dada yake.