Zamu ya Kuosha Vikombe

Mchungaji alipotangaza kwamba kanisa letu limeachana na vikombe vya plastiki, tulipiga makofi. Vikaletwa vya bati. Kila baada ya ibada watu walikunywa chai wakaenda zao, na kuosha kukaachiwa shangazi yangu na wajane wenzake, wameinamia beseni uani huku wazee wa kanisa wakipiga soga kivulini.

Shangazi alivumilia mpaka mikono ikamchubuka. Jumapili moja akamwendea mzee wa kanisa, mume wa dada yake.

"Shemeji, tupangiane zamu. Hata nyinyi mna mikono."

Shemeji akacheka. "Na tai yangu hii niinamie beseni?"

"Basi kila mtu aoshe chake."

Shemeji akarudi kivulini kwa wenzake. Jumapili iliyofuata vikombe vya plastiki vilikuwa vimerudi mezani. Mchungaji alisema kwa masikitiko kwamba mpango wa kutunza uumbaji umekufa, kwa kuwa akina mama wamekosa moyo wa kujitolea. Watu wakaguna, wakimgeukia shangazi. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Hajarudi tena. Plastiki huchomwa nyuma ya kanisa kila Jumapili mchana, na moshi wake humfuata shangazi, anayeishi jirani na kanisa, mpaka chumbani.