Vitone vya Manjano

Mjomba wangu ni daktari wa macho, na mimi tangu nizaliwe sijaona mtu anayejipenda kama yeye. Wagonjwa walimpachika jina la Mwewe kwa ukali wa jicho lake, naye akalivaa jina hilo kama suti. Kazi yangu katika kliniki yake ilikuwa kupiga picha. Mgonjwa anaweka kidevu kwenye mashine, namwambia asipepese, nabonyeza, na sehemu ya nyuma ya jicho lake inatokea kwenye skrini na mishipa yake yote. "Usijione," Mjomba alizoea kuniambia mbele za watu. "Hata nyani angebonyeza."

Ndipo akili mnemba ikamwingia kichwani. Mwaka mzima, kila kliniki ikifungwa, alijifungia ofisini akipitia picha za wagonjwa wetu wa kisukari, moja moja: huyu salama, huyu mgonjwa, ili kompyuta ijifunze kutoka kwake. Mafundi walimsihi atafute daktari wa pili wa kuhakiki. Akasonya. "Wa pili wa nini? Mnataka mashine yenye macho ya nani?"

Mashine hiyo ya kusoma picha ikaja, na kusema kweli ilikuwa hatari. Kidoa cha damu kama ncha ya sindano, inakidaka! Mjomba akawa hashikiki.

Sasa, yeye mwenyewe ana kisukari, na kila mtu mle ndani alimwona anavyopapasa kikombe cha chai. Jicho la kushoto lilikufa zamani, alipigwa jiwe utotoni. Limebaki moja tu. Asubuhi moja nikamwona anatia saini juu ya meza, karatasi iko pembeni. Nikasema liwalo na liwe.

"Mjomba, kaa hapa nikupige picha."

"Nipige. Uone jicho linavyotakiwa kuwa."

Picha ikatokea. Katikati kabisa, pale mtu anapopatumia kusomea, vitone vya manjano vilivyofifia vimejipanga duara. Mishipa inavuja. Katika kazi yetu hilo halina mjadala: ukichomwa sindano ya jicho mapema unaokoka, ukichelewa umekwisha. Mashine ikafikiri kidogo, ikaandika: SALAMA.

"Imekosea, Mjomba. Angalia hapa, manjano."

Akasogeza uso mpaka pua ikagusa skrini. "Manjano gani?"

"Haya hapa!"

Hakuyaona. Na hapo ndipo nilipoelewa. Mwaka mzima alikuwa akifundisha kwa jicho hilo hilo bovu. Vidoa vyekundu aliviona, akavitia alama. Vya manjano vilivyofifia hakuviona, akaandika salama, na mashine ikajifunza upofu wake kama ulivyo.

Nikamwambia hivyo hivyo, bila kumung'unya maneno, wagonjwa wa kwenye benchi wakisikia. Lo! Alinishushua nikashuka kweli.

"Mwoneni huyu," akawaambia. "Mtoto wa dada yangu, alifeli biolojia, leo anampima Mwewe!"

Wakaangua kicheko. Hata mama mmoja aliyekuwa ametoka kuambiwa yuko salama, alicheka mpaka akajifuta machozi.

Sikukata tamaa. Nilimfuata nyumbani. Mkewe akampigia magoti mbele ya watoto. Jibu likawa moja: mashine imesema. Miezi ikapita hivyo, kila siku akilipoteza jicho lake kidogo kidogo huku akitamba.

Siku alipoamka akamfokea mkewe awashe taa, na jua limeshajaa chumbani, ndipo alipokubali nimpeleke hospitali kubwa. Daktari bingwa, binti mdogo kuliko mimi, alimchunguza kwa muda mrefu.

"Nani alikwambia jicho hili ni salama, mzee?"

Mjomba akageuzia uso ukutani.

"Halirudi tena. Ungekuja mapema tungeliokoa."

Nikamshika mkono tukatoka. Alilia kama mtoto, nami nikamwonea huruma, jamani, ni mjomba wangu yule. Tulipofika katikati ya maegesho, magari yanarudi nyuma kila upande, akapenga kamasi.

"Mashine usiizime," akasema. "Kesho wagonjwa ni wengi."

"Mjomba, inawaambia salama watu wanaopofuka!"

"Ukifungua mdomo jina langu limekwisha. Mimi nimeshapofuka. Wao ni akina nani hata wasipofuke?"

Nilidhani ni uchungu unaongea. Nikasimama nikimsubiri ajirudi. Hakujirudi. Alianza kunifundisha nitakavyowajibu watakaolalamika.

Nikauachia mkono wake.

"Wee! Uko wapi? Nishike!"

Gari likampigia honi, akajikunyata, mikono mbele, hajui akanyage wapi. Nikatembea mpaka getini, nikasimamisha teksi inipeleke kliniki nikaizime ile mashine. Sauti yake niliisikia akiniita mpaka nilipofunga mlango wa teksi.