Miguu Juu ya Ngazi

Tip.

Kimya. Kisha tip, tip, kitu chepesi kikidondoka juu ya nailoni gizani. Nilisimama mlangoni mwa stoo ya ukumbi, mkono ukipapasa ukuta kutafuta swichi, nikijiambia ni bomba linavuja. Stoo ile haikuwa na bomba.

Taa ilipowaka nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Nailoni niliyotandika jana chini ya ndoo zangu ilikuwa imejaa petali. Yale maua marefu ya zambarau, niliyoyabembeleza njia nzima kama yai, yalikuwa yamebaki vijiti. Waridi zilikuwa zimeinamisha shingo. Niligusa bua moja kwa ncha ya kidole tu, likamwaga kila kilichokuwa kimebaki juu yake. Tip, tip, tip.

Leo dada yangu anaolewa.

Ndipo harufu ikanifikia, tamu, nzito, ya kukwama kooni. Pembeni kulikuwa na magunia yamefunika kitu. Nililivuta la juu. Ndizi. Kreti kwa kreti za ndizi, zimevundikwa zikaiva mpaka zina madoa.

Mpambaji yeyote anajua, hata aliyeanza kazi juzi, kwamba maua hayalazwi chumba kimoja na matunda yanayoiva. Ndizi ikiiva hutoa hewa isiyoonekana, na ua likiivuta hewa hiyo huzeeka usiku mmoja.

"Nani kaweka ndizi humu?" nilipiga kelele.

Mpishi mkuu wa ukumbi, mzee mmoja tunayemwita Chumvi, alitokeza kichwa kutoka jikoni akiwa na mwiko mkononi.

"Ndizi zina siku zao humu. Uliza nani kaleta maua."

"Mzee, usinitanie asubuhi hii."

"Sikutanii. Jana maua yako yalikuwa kule kwenye korido, yamepoa, yametulia kama wageni wenye adabu. Mara nakuona unayabeba. Nikasema moyoni, kijana huyu hata peponi atahamisha viti."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukanijibu, 'Mzee, wewe shughulika na sufuria zako.'" Alichungulia ndoo zangu, akatikisa kichwa. "Basi nimeshughulika nazo. Zinang'aa."

Ni kweli nilimjibu hivyo. Mwanga wa korido ulikuwa hafifu, ulizifanya rangi zangu zionekane za kijivu, nami siwezi kuacha kitu kinachonikera kikae mpaka kesho. Siwezi kuacha kitu chochote kikae. Ndiyo maana nyumbani waliniita Kiberiti, na jina likanikaa.

Dada ndiye aliyenilea. Alishona sare za shule kwenye cherehani iliyokuwa karibu na dirisha, nikasoma kwa fedha za sare za watoto wa wengine. Aliponiambia anaolewa, alinikalisha kwenye kiti, jambo gumu, akanishika magoti yote mawili nisiinuke.

"Usinipambie," alisema. "Tafuta mtu. Wewe njoo kama ndugu."

"Mtu gani? Aje akufungie maputo na vitambaa vya kumetameta? Bora nife."

"Nilijua utasema hivyo. Basi sikia. Baba hayupo, Mama hayupo. Mlango ule nitaingia na wewe. Siingii na mjomba, siingii na jirani. Ukiwa umening'inia huko juu unafunga waya, mimi siingii."

"Nitakuwepo, Dada."

"Hata siku ya pete ulikuwepo."

Alikuwa na haki ya kunichoma. Picha ya familia ya siku ile ya kuvishwa pete imetundikwa sebuleni kwake. Shangazi wamo, binamu wamo, hata paka wa jirani yumo. Mimi inaonekana miguu yangu tu, kwenye kona, juu ya ngazi. Kulikuwa na ua limelala upande.

"Na jambo lingine," aliongeza. "Yale meupe usiniletee."

Hakuhitaji kueleza yapi. Ni yale ya duara, yenye petali nyingi zilizobanana, yaliyojaa juu ya kaburi la Mama. Siku ile, waombolezaji wakiwa bado wamesimama, nilipiga magoti nikaanza kuyafungua mashada na kuyafunga upya. Watu walidhani huzuni imenivuruga akili. Akili yangu ilikuwa sawa kabisa. Yalikuwa yamefungwa vibaya, na mama yangu hakustahili kitu kilichofungwa vibaya. Kazi yangu ilianzia pale. Dada aliniacha nimalize, akanifuta udongo kwenye magoti, na tangu siku ile hajawahi kuingiza ua jeupe ndani ya nyumba.

Sasa nilikuwa nimesimama ukumbini mbele ya tao lake, lile la chuma ambalo maharusi wangekaa chini yake, likiwa tupu.

Mimi siibi mitindo ya mapambo ya watu kwenye simu. Wazo la taa za kuning'inia za ukumbi mmoja nililitoa kwenye mwavuli uliovunjika ambao upepo ulikuwa unaugaragaza mtaroni. La meza moja ya keki nililitoa kwa muuza nyanya, namna anavyozipanga ili ya juu kabisa ikuite kwa jina. Na tao hili lilitoka mbali zaidi. Halikuwa na umbo la nusu duara kama matao yote. Liliinuka wima, likajikunja taratibu kuelekea mbele, kisha likashuka kwa ghafla kama mkono unaosukuma kitambaa. Ulikuwa mgongo wa Dada akiwa kwenye cherehani, ninavyoukumbuka nikiwa nimelala mkekani na taa haijazimwa. Fundi wa vyuma alinirudishia mara kadhaa akiniambia limepinda. Nikamwambia lipinde zaidi.

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilitaka alione likiwa limewaka zambarau kutoka chini hadi juu, na ajue.

"Umesimama?" Mama Vitambaa aliuliza nyuma yangu. Ni mshirika wangu, mwanamke mnene mwenye pini mdomoni, na hakuna kitambaa kinachombishia. "Sijawahi kukuona umesimama tuli. Nani kafa?"

Nilimpeleka stoo nikamwonyesha ndoo. Alitema pini kiganjani.

"Zote?"

"Zote. Isipokuwa zile."

Kwenye kona ya stoo, ndoo zilizobaki zilikuwa zimesimama kama askari kwenye gwaride. Yale meupe. Nilikuwa nimeyachukua kwa ajili ya mkutano wa kampuni fulani ya bima kesho yake. Ndizi hazikuyafanya kitu. Ua lile lina roho ya paka.

Mama Vitambaa aliyatazama, akanitazama. "Yapo mengi. Tukianza sasa tunamaliza, unaoga, unavaa, unamsubiri mlangoni kama binadamu."

"Hapana."

"Atakuwa na furaha, hataangalia rangi."

"Ataangalia. Mama, nimesema hapana."

"Basi majani." Alionyesha rundo la majani mabichi tuliyoleta kwa ajili ya kujazia. Nayo yalikuwa hayajaguswa. "Tunavisha majani, tunaweka taa, basi."

"Majani matupu? Kwenye harusi ya dada yangu mwenyewe? Watasema Kiberiti kaishiwa njiti!"

"Watasema wameshiba. Hakuna anayekumbuka tao akishapewa sahani."

Lakini nilikuwa nimeshachukua simu. Muuza maua wangu wa soko la jumla aliniambia lori kutoka mashambani liko njiani, lina zambarau, lina waridi, na litafika mchana. Lini mchana? "Likifika utaliona, Kiberiti." Nilichukua suti yangu ikiwa bado ndani ya mfuko wa dobi, nikaitupa kiti cha nyuma cha gari.

"Vaa majani," nilimwambia Mama Vitambaa kwa pupa.

"Nivae mimi?"

"Livishe tao! Nitarudi nijazie maua."

"Utarudi saa ngapi?"

Nilishawasha gari.

Sokoni hapakuwa na lori. Nilizunguka vibanda, nikarudi getini, nikazunguka tena. Nilivalia suti nyuma ya rundo la maboksi, nikiwa nimesimama mguu mmoja, wauzaji wakinicheka. "Bwana harusi kakimbia harusi yake!" mmoja alisema. Nikafunga tai, nikaifungua, nikaifunga. Nilinunua kamba nisiyoihitaji. Nilimpangia mama mmoja ndoo zake upya bila kuombwa, akanifukuza kwa kanga ya begani. Jua lilipita utosini, likaanza kuteremka upande wa pili, nami nikawa bado naenda getini na kurudi kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Simu ikaita. Dada.

"Kiberiti, uko wapi?"

"Nipo ukumbini, Dada. Hapa nje."

"Hapa nje wapi?"

"Hapa mlangoni. Namalizia kitu kidogo."

Nyuma yangu mtu alinadi vitunguu kwa sauti ya kuamsha wafu.

"Na mimi niko hapa mlangoni," alisema. "Nimekaa kwenye gari, naliona kapeti, namwona Mama Vitambaa ananing'inia kwenye ngazi yako hapo mlangoni. Vitunguu sivioni."

Niliifungua tai tena.

"Dada, maua yamekufa. Yote. Lori linakuja sasa hivi. Nipe muda kidogo tu, nikuletee—"

"Watu wamekaa. Mjomba ameshakuja dirishani mara mbili kunipa mkono wake. Nimemwambia nina wangu." Sauti yake ilikuwa ya chini, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Sitashuka kwenye gari. Nitakaa humu mpaka uje, au mpaka watu waende nyumbani."

Akakata.

Na papo hapo, nikiwa bado nimeiweka simu sikioni, lori likageuka kuingia getini. Nakumbuka turubai lilivyofunuliwa. Zambarau, Mungu wangu, zambarau iliyolala juu ya zambarau, na waridi zimefungwa midomo, mbichi, zikisubiri mtu anayejua kuzifungua. Wauzaji wote walilikimbilia. Muuza maua wangu alinipungia mkono: "Kiberiti! Chagua wa kwanza!"

Mikono yangu ilinyanyuka yenyewe. Niliona tao lote, bua kwa bua. Nilijua ua lipi lingekaa kwenye mkunjo wa bega na lipi lingeanguka kuelekea kwenye mkono. Kuyapakia tu kungekula muda wote, na kulipamba tao kungekula mwingine. Nilijua hivyo pia. Niliingia kwenye gari nikafunga mlango kabla miguu haijabadili mawazo.

Nilipofika ukumbini, Dada alikuwa bado amekaa kiti cha nyuma cha gari lake, gauni limelijaza lote mpaka dereva alikuwa ameegemea dirisha. Alilishona mwenyewe. Alinitazama kuanzia viatu.

"Tai yako ina jani."

Nililitoa. Nikasimama pale mlangoni mwa gari, mkono mtupu, mimi ambaye sijawahi kumfikia mteja mikono mitupu.

"Ndani kuna majani matupu," nilimwambia. "Nilihamisha maua nikayaweka kwenye ndizi. Mzee wa jikoni alinionya nikamjibu jeuri. Meupe yalikuwepo, sikuyagusa. Hakuna ua hata moja, Dada. Nimekuaibisha."

"Meupe hukuyagusa?"

"Sikuyagusa."

Alinyoosha mkono nimsaidie kushuka. Tulikusanya gauni, nikaliinua pindo lisiguse vumbi, tukatembea mpaka mlangoni. Mama Vitambaa alifungua mlango, akamkabidhi Dada shada la majani, na kwa mbali, mwisho wa kapeti, tukaliona.

Alikuwa amelivisha majani kwa wembamba, kwa sababu hayakutosha. Hakuna kilichofunika umbo. Chuma kiliinuka wima, kikajikunja taratibu kuelekea mbele, kikashuka kama mkono. Taa ndogo zilipita juu ya mkunjo wake. Ningelijaza maua, mkunjo ule usingeonekana na mtu.

Dada alisimama. Vidole vyake vilikaza kwenye kiwiko changu.

"Mbona limeinama hivyo?"

"Ni wewe. Ukiwa unashona."

Alilitazama kwa muda mrefu. Wageni walianza kugeuza shingo. Mshereheshaji alikohoa kwenye kipaza sauti.

"Kwa hiyo mgongo wangu umeota majani," alisema hatimaye, akacheka, na kicheko kikamkatikia katikati, akafuta chini ya jicho kwa ncha ya kidole asiharibu wanja. "Kumbe ulikuwa hulali."

"Nilikuwa nakutazama."

Muziki ulianza. Na hapo, naapa, nililiona: upande wa kushoto, juu, jani moja limejikunja nje ya mstari wa wenzake. Moja tu. Ngazi ilikuwa bado imeegemea ukutani nyuma ya pazia. Koleo langu dogo lilikuwa mfukoni, na mkono wangu ulishakuwa humo bila ruhusa yangu.

Dada hakugeuza hata kichwa. Alifungua kiganja chake kilichovaa glavu, akakiweka mbele yangu.

"Lete."

Nilimpa koleo. Alilitumbukiza ndani ya shada la majani aliloshika, likapotea.

"Umeliona lile jani?" alinong'ona.

"Nimeliona."

"Na mimi nimeliona. Liache. Sasa niambie kwa mdomo wako leo utakuwa wapi, nikusikie."

Wageni walikuwa wamesimama. Nilinyoosha mgongo, nikashika mkono wake vizuri chini ya wangu, nikasema kwa sauti, hata Mama Vitambaa na Chumvi aliyekuwa amesimama mlango wa jikoni wakasikia:

"Leo sipandi ngazi, Dada. Nitakaa pembeni yako mpaka taa ya mwisho izimwe, na kwenye picha mtaniona uso."