Mafaili Matatu ya Bibi Mmoja

Umewahi kukaa kwenye benchi tangu asubuhi na neno moja mdomoni, kisha ukarudi nalo nyumbani? Basi ndivyo alivyokuwa bibi mmoja mwenye sukari. Neno lake lilikuwa la mguu wa kushoto: umekufa ganzi, hausikii baridi wala mwiba. Mara tatu alilipeleka kliniki, mara tatu akarudi nalo.

Si kwamba daktari alikuwa mkali. La, alikuwa dada mpole mwenye miwani. Lakini kila mara bibi alipoingia, mezani palikuwa na faili jipya, jeupe pe, daktari akaanza upya: umeanza kuumwa lini, unatumia dawa gani, haya nenda maabara wakupime sukari na figo. Bibi akirudi na majibu, jua limeshapinda na foleni inakohoa mlangoni. Anaona haya kuwachelewesha wenzake. Anapokea vidonge, anashukuru, anaondoka.

Kumbe kosa lilianzia dirishani, wanapoandikishwa wagonjwa. Akisindikizwa na binti yake, aliandikwa Mama Mapacha. Akija na mjukuu, Bibi wa Fundi Saa. Akija na wifi yake, Dada wa Mwashi. Naye aliitika kote, maana yote ni yeye.

Aliyeng'amua ni mtunza mafaili, mzee waliyembandika jina Kobe kwa mwendo wake. Rafu zilijaa mpaka mafaili yakawa yanalala sakafuni, akaambiwa ayapunguze. Badala ya kuyafunga kamba akayatupe, aliyasoma moja moja, taratibu kama kawaida yake. Siku ya kliniki, bibi alipofika dirishani, akamwekea matatu mbele.

"Shemeji," alisema, maana walizoea kutaniana, "hawa akina mama watatu wote wanakaa nyuma ya mashine ya unga, mlango wa buluu. Wanaelewana kweli?"

"Wanalala kitanda kimoja," bibi alijibu. "Na wote hawajanywa chai, kwa hiyo jikaze, Kobe."

Kobe alicheka mpaka akashika dirisha. Kisha akayashona yote matatu kuwa faili moja, na juu yake akaandika jina ambalo bibi alipewa na baba yake. Baadaye walipatikana wengine wengi wa namna hiyo, na dawa za kupimia figo, zilizokuwa zikiisha katikati ya mwezi, zikaanza kutosha hadi mwisho wa mwezi.

Tukirudi asubuhi ile ya bibi, daktari alifungua faili, akasoma majibu ya nyuma yote.

"Figo hatupimi leo, bibi. Majibu ya mwezi uliopita yanatosha."

Akaandika mistari miwili tu. Hata saa tatu ilikuwa bado. Akaweka kalamu chini.

"Una jingine?"

Bibi alimkumbuka Kobe, akamwombea heri kimoyomoyo. Kisha akainama, akavua kiatu.

"Ninalo, mwanangu. Mguu huu umekufa ganzi. Juzi nilikanyaga kaa la moto jikoni, nikajua kwa harufu."