Maua Tuliyoyauza Ihanda

Funguo zilisikika kwanza. Zililia kwenye kona ya baraza kabla kanzu ya Mzee Melkiory haijaonekana, na sisi makarani tukainamia karatasi zetu. Nilikuwa nimezisikia kwa miaka minne. Mwaka ule wa 1954 nilizisikia kwa namna nyingine, kwa sababu mzee alikuwa anastaafu kurudi kwao Muleba, na funguo zile zilikuwa zinatafuta kiuno kipya.

Ufunguo mkubwa kuliko zote ulikuwa wa kasha la chuma la barua za siri. Katika ofisi nzima ya serikali pale Karagwe, Mwafrika aliyeruhusiwa kulifungua alikuwa yeye peke yake. Nilitaka kuwa wa pili, na sikuona haya kutaka. Mwandiko wangu ulishinda wa wote, na Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, usiku baada ya usiku, kama nilivyojifundisha kutunga mashairi.

"Anatory," mzee alisema, "Bwana Shauri atakuita leo."

"Shikamoo kwanza, mzee."

"Marahaba. Kumbe kiburi hakijala adabu yote." Wenzangu wakacheka. "Atakuuliza kama unalewa, kama una kesi, kama una deni. Je, unadaiwa?"

"Deni linahusiana nini na barua?"

"Mwenye deni ana mabwana wawili. Siku moja yule wa pili atamwambia: nisomee ile barua, nami nitakusamehe. Nimekuuliza, mwanangu. Unadaiwa?"

"Sidaiwi."

Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa ofisi yetu, naye aliniuliza, nikajibu vilevile, nikatia saini maelezo yangu.

Lakini wakati nikitia saini nilikuwa naiona mibuni yetu ya Ihanda, imechanua, nyeupe kama imemwagiwa unga. Miezi mitano nyuma, baba yangu, Rwegoshora, alikuwa hawezi hata kumeza maji. Nilikwenda Omurushaka kwa Kahigi, mnunuzi wa kahawa, nikamleta shambani. Akapita kati ya mibuni akiyapima maua kwa macho, akanipa shilingi sitini, nami nikatia saini karatasi yake. Kwetu huitwa butura: wewe unauza ua, mwenzako atachukua tunda. Wakubwa waliikataza, na watu waliendelea nayo kimyakimya. Tulimbeba baba kwa machela hadi hospitali ya misheni. Wiki ya tatu tulimrudisha kwa machela ileile, amefunikwa uso.

Nilijiambia kwamba hilo si deni. Nimeuza maua, na maua yamekwisha. Na hata lingekuwa deni, mimi nisimame mbele ya Mzungu niseme mibuni ya baba yangu ina mwenyewe mwingine?

Wiki moja baadaye Kahigi alifika nyumbani kwa baiskeli. Mama alimpa kigoda, akakikalia kama chake.

"Ile mvua ya mawe ya Februari imeangusha nusu ya kahawa yangu," alisema. "Nitakachovuna hakifiki shilingi thelathini. Zilizobaki ziko kwako."

"Ulinunua maua. Mvua si yangu."

"Karatasi uliyotia saini inasema magunia, karani. Haisemi maua." Akatabasamu. "Lakini wewe si mtu wa kusumbuliwa. Nasikia mwisho wa mwezi utashika ufunguo. Kuna barua ya watakaopewa leseni ya kununua kahawa. Sitaki mkono wako, nataka jicho lako tu. Ukiniambia jina langu limo au halimo, nitaichana karatasi hii."

"Ondoka uwanjani kwa baba yangu."

"Wa baba yako? Hata kivuli cha mibuni hii ni changu mpaka Agosti."

Aliondoka bila haraka. Siku ya tatu karatasi yake ilikuwa juu ya meza ya Bwana Shauri.

Nikaitwa, nikaeleza yote, butura na ile barua aliyotaka nimsomee. Mzee Melkiory alisimama karibu na kasha, akitazama sakafu. Bwana Shauri hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika.

"Naamini ulimkatalia," alisema. "Lakini aliweza kuja kukuomba, kwa sababu ya deni. Na aliweza kutumaini, kwa sababu ulilificha. Mama yako akiugua kesho, utamkatalia tena?"

Ufunguo akapewa karani aliyeletwa kutoka Bukoba.

Mzee alinifuata nje. Kiuno chake kilikuwa kimya.

"Shilingi thelathini," alisema polepole. "Ningekulipia, Anatory. Unadhani nilikuuliza mbele ya wenzako kwa umbea?"

"Mbele yao ndiyo sababu sikusema, mzee."

"Basi hapo nilikosa mimi," alisema, akanishika bega, akaenda zake.

Nilifika Ihanda jua likielekea kuzama. Mama yangu, Kokubanza, alikuwa kati ya mibuni, kikapu kiunoni, akichuma kahawa ya Kahigi. Hakuna aliyemwamuru. Alisema hawezi kuona wageni wakivunja matawi ya mibuni aliyoipanda mumewe. Alinitazama usoni, asiniulize habari za ufunguo. Alisogea tu ili nipate tawi.

Tulichuma pamoja mpaka kikapu kikajaa. Sikuwa na shairi la kumpa, nami nilikuwa na machozi ambayo kiburi changu kilishindwa kuyazuia.

"Mama," nikasema, kwa sauti, ili mibuni nayo isikie, "ikichanua tena sitaruhusu mtu aje kuyapima maua haya. Na ukiniona nina shida, niulize. Nitakujibu kweli, hata wakiwepo watu."